Shingo: nifungwe vyuma au niendelee kuvumilia?

Semi_la_Kusini

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Mimi ni dereva wa semi. Njia yangu ni Dar, Tunduma, Lubumbashi. Kwenda napakia chochote, kurudi mara nyingi ni shaba. Umri 48. Shingo ilianza kimzahamzaha. Unaamka kwenye kitanda cha nyuma ya kiti, uko foleni ya mpakani Kasumbalesa, shingo imekaza, unasema nimelala vibaya. Unameza vidonge, unawasha gari. Baadaye maumivu yakateremka begani, yakafuata mkono wa kushoto kwa upande wa nje mpaka kidole gumba na cha shahada. Yanaunguza, halafu pale yanapoishia pana ganzi. Na mkono wa kushoto ndio wa gia, mnaelewa wenyewe. Usiku nilikuwa napata nafuu nikiuweka ule mkono juu ya kichwa, nalala hivyo kama mtu aliyejisalimisha kwa polisi. Tingo wangu alicheka mpaka akachoka.

Nimepiga MRI. Majibu yanasema diski iliyo kati ya pingili ya tano na ya sita ya shingo imetoka, na ile ya kati ya sita na saba imetoka zaidi, nafasi ya uti imepungua. Daktari wa kwanza aliangalia picha, akaangalia mkono, akasema operesheni: wanaingilia mbele ya shingo, wanatoa diski zote mbili, wanaweka vipande vya kushikiza mahali pake, kisha bamba la titani na skrubu ili pingili zije zishikane ziwe mfupa mmoja. Nikaenda kwa daktari wa pili, hospitali nyingine. Yeye akasema subiri, watu wa umri wako wengi wana hizo diski, fanya fizio (mazoezi tiba) na nitakupa dawa ya mishipa ya fahamu.

Nyumbani ni baraza kamili. Mama watoto hataki kusikia neno kisu likitajwa karibu na shingo. Shemeji anamjua mtu aliyefanyiwa operesheni akatoka na kiti cha magurudumu (nilipombana akakiri ilikuwa ya kiuno, tena baada ya ajali). Mjomba ana mzee wake Lindi wa kunyoosha, anasema anakamata kichwa, anazungusha mara moja, panalia "ko!" unaamka mzima. Tajiri naye ameniuliza swali moja tu: ukifungwa vyuma, gari nampa nani?

Naomba kusikia kutoka kwa waliofanyiwa na waliokataa. Na swali langu kubwa, msinicheke: nitaweza kugeuza shingo kuangalia saiti mira?

Nawasilisha.

---

Kijiwe_Manzese

Pole mkuu. Wazee wa mieleka tunajua hii kitu. Stone Cold alifungwa shingo mwaka 2000. Edge alifungwa 2003, akarudi kupiga watu, 2011 madaktari wakamstaafisha, 2020 akaibuka tena Royal Rumble ukumbi ukapasuka kwa kelele. Kwa hiyo vyuma siyo kifo. Ila na wewe usiende kumpiga mtu spia pale mizani ya Vigwaza.

---

Semi_la_Kusini

Hahaha. Edge hajawahi kushuka Kitonga na tani 30 mgongoni, mkuu.

---

Mwalimu_Marangu

Pole sana baba. Mimi nilifanyiwa, ya pingili ya tano na ya sita peke yake, kwa hiyo chukua maneno yangu kwa kipimo hicho.

Kilichonipeleka ni mkono. Nilishindwa kushika chaki juu ya ubao, nikawa naandika nusu ya chini tu, na darasa la nne hawakuniacha salama. Fizio nilifanya, dawa nilimeza, kola ya shingo nilivaa, nusu mwaka ikapita na msuli wa mkono ukaanza kusinyaa. Hapo ndipo nilipokubali.

Nilipozinduka kutoka nusu kaputi, ule moto wa mkononi haukuwepo. Nilikuwa nautafuta, siuoni. Ganzi ya kidole gumba ilibaki, na mpaka leo ipo kidogo: nikitunga uzi kwenye sindano natumia macho kuliko vidole.

Sasa mambo ambayo hukuambiwa, maana na mimi sikuambiwa. Koo! Wanapita mbele, wanasogeza koromeo na njia ya chakula pembeni ili wafike kwenye mfupa, kwa hiyo ukiamka kumeza mate ni kazi. Wiki za mwanzo niliishi kwa mtori na uji. Sauti ilinikauka nikawa naongea kama bata, nikalia, maana mwalimu bila sauti ni nani? Ikarudi polepole. Daktari alinieleza mapema kwamba kuna mshipa wa sauti unapita njia ile ile na ukivutwa unachoka, mara chache unaumia moja kwa moja. Kidonda chenyewe ni kidogo, kimejificha kwenye mkunjo wa shingo, mkufu unakifunika.

Maumivu kati ya mabega nilikuwa nayo kabla na ninayo sasa, hasa Julai huku kwetu baridi ikiuma. Daktari wangu alisema wazi siku ile: operesheni hii ni ya mkono, shingo kuuma sikuahidi. Nampenda kwa hilo.

Kugeuka nageuka. Watoto wakipiga kelele nyuma yangu nawaona. Kuangalia juu kabisa, kama kukagua mkungu wa ndizi mgombani, hapo ndipo ninapohisi kuna kitu kimepungua.

---

Bi_Ngamiani

Kaka 'angu, usikimbilie kisu. Mimi niko Tanga, kazi yangu maandazi na vitumbua, beseni kichwani tangu nimeolewa. Mkono ulinishika wa kulia, usiku sikulala, nikitikisa kichwa naona nyota. Na mimi picha ilisema diski imetoka, maneno hayo hayo ya kwako, na mahali hapo hapo.

Hospitali nikapewa vidonge vya kumeza usiku, nikapangiwa mazoezi na yule kijana wa fizio, nikaambiwa beseni likae mkokotenini. Kunisukumia nikamwajiri mwanangu kwa ahadi ya viatu. Mwezi wa kwanza nilijuta kuzaliwa. Wa pili nikaanza kulala. Ulipofika wa tatu nikajikuta nimekanda unga bila kufikiria mkono. Sijafungwa chuma wala sijachanjwa. Diski bado imo humo, mie na yeye tunaheshimiana.

Daktari wako wa pili ndiye mwenye busara. Kisu hakirudi nyuma.

---

Fizio_wa_Mkoa

Mkuu Semi, mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba katika hospitali ya mkoa. Sijakupima, kwa hiyo nachoandika ni cha kukusaidia kwenda kuuliza vizuri. Siyo cheti.

Mwalimu na Bi Ngamiani wote wamesema kweli, na wote wawili wameeleza kitu kimoja: diski kubana mshipa wa fahamu unaotoka pembeni kwenda mkononi. Mshipa wa kati ya pingili ya tano na sita ndio unaokwenda kwenye gumba na kidole cha shahada. Ule wa sita na saba kwa kawaida hutuma ganzi kidole cha kati, na nguvu ya kunyoosha kiwiko hupungua. Hata kule kulala na mkono kichwani ni dalili yake, mshipa unalegea kidogo ukipandisha mkono. Ugonjwa huu kwa watu wengi hutulia wenyewe ndani ya wiki au miezi michache, kwa dawa na mazoezi. Wasweden waliwahi kugawa wagonjwa 81 makundi matatu, operesheni, fizio na kola, wakachapisha majibu 1997: miezi ya mwanzo waliopasuliwa walikuwa mbele kwa maumivu, lakini mwaka ulipotimia makundi hayakutofautiana. Kwa hiyo kama tatizo ni mkono unaouma tu, na nguvu haishuki, kusubiri ni tiba kamili. Nguvu ikiendelea kushuka kama ya Mwalimu, mazungumzo ya kisu ni halali.

Na picha peke yake isikutishe. Kuna watafiti wa Japani walipiga MRI za shingo watu 1,211 wasio na dalili yoyote, chapisho la 2015. Karibu 88 katika kila 100 walikuwa na diski iliyovimba mahali fulani. Ukipiga MRI kituo kizima cha mabasi Mbezi utawalaza wote.

Ila kuna neno kwenye majibu yako limenifanya nisipite: "nafasi ya uti imepungua." Katikati ya pingili unashuka uti wenyewe wa fahamu, ile kamba kuu inayobeba amri zote za kwenda chini, mikono, miguu, kibofu. Ukibanwa huo, hesabu inabadilika yote. Na mara nyingi hauumi. Mgonjwa anakuja analalamikia mkono, kumbe habari iko miguuni.

Naomba ujibu haya. Vifungo vya shati unafunga mwenyewe? Mwandiko wako umebadilika? Vitu vinakuponyoka mkononi, hata mkono usiouma? Ukitembea gizani unayumba? Ukiinamisha kichwa kidevu kiguse kifua, unasikia nini? Mkojo ukibana, unawahi? Halafu fanya mawili hapo nyumbani: kunja na kukunjua ngumi haraka uwezavyo kwa sekunde 10, mtu akuhesabie, mwenye uti mzima hufika 20 au zaidi. Na utembee hatua za kisigino kugusa kidole kwenye mstari wa sakafu, mtu akiwa karibu akudake.

---

Semi_la_Kusini

Mkuu Fizio, umenifanya nikae kitako.

Vifungo: shati la kazi nilishaacha kufunga cha juu, nikadhani ni joto. Shati la kanisani mama watoto ndiye anayenifunga, tena siku hizi ananifunga kabla sijaomba. Funguo za gari zinaniponyoka, na siyo mkono wa kushoto tu. Kitabu cha safari anaandika tingo, maana nikiandika mimi, pale mpakani wananirudishia wakiuliza hii ni namba gani.

Kuinamisha kichwa: hii sikuwahi kumwambia mtu. Nikiinama kukagua matairi ya nyuma, shoti inashuka kutoka shingoni, inapita mgongoni mpaka kwenye mapaja. Kama kushika waya. Inakuja, inaondoka. Nikawa nakagua kwa kuchuchumaa.

Miguu. Wa kushoto umekuwa mzito kwenye klachi. Nilimpeleka fundi gari, nikamwambia klachi imekuwa ngumu. Akajaribu, akasema klachi ni siagi. Na hii ndiyo iliyonishtua baada ya kusoma maswali yako: ndala ya kushoto inanitoka mguuni na sijui. Natoka bafuni kwenda chumbani, mwanangu wa mwisho anakuja nyuma na ndala, "baba umeacha kiatu." Tukawa tunacheka.

Mkojo bado, ila siku hizi ukibana sina muda wa kujadiliana nao.

Ngumi: mama watoto kashika simu, anahesabu kwa sauti. Haikufika 20, hata karibu haikufika, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vinachelewa kufunguka kama vinafikiria. Akahesabu tena akidhani kakosea. Kutembea kwenye mstari sisemi. Alinidaka.

Kwa madaktari wote wawili niliingia nikasema mkono unaniuma, nao wakapima mkono. Hakuna aliyeniambia nivue viatu. Mama watoto amekaa kimya tangu jana jioni, na kwake hiyo ni habari kubwa kuliko MRI.

---

Fizio_wa_Mkoa

Asante kwa kujibu kwa uwazi. Sasa nitasema bila kuzunguka. Hizi zote, vifungo, shoti, klachi, ndala, mkojo wa ghafla, zinaelekeza kwenye uti kubanwa. Daktari atathibitisha kwa nyundo ya magoti, kwa kuchezea kucha ya kidole cha kati akiangalia kama gumba linajikunja lenyewe, na kwa kusoma picha upya. Akithibitisha, swali lako la "vyuma au kuvumilia" halitakuwa tena la nani jasiri na nani mwoga. Mkono ukiuma unaweza kuusubiri. Uti hauna subira hiyo. Ukikaa umebanwa muda mrefu, sehemu iliyokufa hairudi hata ubanuliwe na daktari bingwa wa dunia. Mwongozo wa kimataifa wa 2017 unasema dalili zikiwa za wastani au kali, operesheni ndiyo inayopendekezwa; zikiwa hafifu, mgonjwa anaweza kuchagua kati ya kisu na mazoezi chini ya uangalizi, na zikizidi apasuliwe. Wewe ukiniuliza, klachi inayokuwa ngumu siyo hafifu.

Mambo ya leo, siyo ya wiki ijayo. Acha kuendesha. Sisemi kwa ajili yako peke yako, barabara ya Kitonga ina mabasi. Yule mzee wa Lindi asiguse kichwa chako, mwambie mjomba fizio amekataa kwa kiapo. Kuzungusha shingo yenye uti uliobanwa ndiko kunakoleta hicho kiti cha magurudumu mnachokiogopa. Na miguu ikiisha nguvu ghafla, mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, unakwenda dharura usiku huo huo.

Rudi kwa daktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu au wa mifupa ya mgongo. Kama uko Dar, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wana kliniki zao, uombe rufaa. Andika dalili za miguu JUU ya karatasi, mkono uwe wa mwisho. Usianze na mkono, watakupima mkono tena.

Sasa operesheni yenyewe, maana umeuliza na una haki ya kujibiwa. Kusimamisha kuharibika ndilo lengo la kwanza. Wengi hupata nafuu juu ya hapo, vidole vinachangamka, mwendo unatulia, lakini hakuna daktari mwaminifu atakayekuahidi yote. Hatari zipo. Koo na sauti Mwalimu ameeleza vizuri. Siku ya kwanza wanamwangalia mtu kwa karibu kwa sababu damu ikivimbia ndani ya shingo inaweza kubana pumzi, ni mara chache, ila ukisikia pumzi inabana piga kelele, usione aibu ya kusumbua muuguzi. Uti wenyewe kujeruhiwa ni nadra. Mfupa kukataa kushikana kunatokea, na anayevuta sigara anajitafutia. Unavuta?

Na miaka ya mbele, diski za juu na chini ya vyuma zinaweza kuchoka. Utafiti wa Marekani wa 1999 ulikadiria kama robo ya waliofungwa watapata dalili mpya za pingili jirani ndani ya miaka 10. Wataalamu bado wanabishana kama ni vyuma vinavyosababisha au ni uzee wa shingo ile ile. Muulize daktari pia kwa nini aingilie mbele na siyo nyuma. Ukibanwa sehemu nyingi wengine hufungua kwa nyuma. Pingili mbili kama zako, mbele ni kawaida kabisa.

Saiti mira: nusu ya kugeuza kichwa kulia na kushoto inatoka kwenye pingili mbili za juu kabisa, ya kwanza na ya pili. Hizo haziguswi.

---

Bi_Ngamiani

Uwiii. Mie ndala haikunitoka hata siku moja. Kaka nenda, nimefuta maneno yangu kwako wewe, kwa wengine yanabaki.

---

Semi_la_Kusini

Bi mkubwa hujakosea, ulisema ya kwako. Fizio, sigara navuta, pakiti inaanzia Makambako na kuishia Mpemba. Nimeshaacha tangu nisome, mama watoto amehakikisha.

---

Babu_Scania

Kijana, nimeendesha hiyo njia, na shingo nimefungwa pingili mbili kama unazotaka kufungwa. Nimekuwa nasoma kimya, lakini la tajiri naliweza.

Kwanza vioo. Kugeuka utageuka. Kitakachokusumbua ni kurudi nyuma na treila kwenye yadi, pale unapotoa kichwa dirishani na kupinda. Mimi niliomba kioo cha mviringo cha ziada upande wa kushoto na nikazoea kugeuka kwa mabega badala ya shingo. Kiti nilikiinua. Usirudi barabarani kabla daktari hajasema kwa maandishi. Gari dogo ndani ya miezi, semi ni baadaye zaidi, maana mfupa unachukua miezi kushikana na rasta za barabarani pale hifadhi ya Mikumi zinausikia kila mmoja. Kufunga turubai na kuvuta kamba ni kazi ya tingo moja kwa moja, hilo usijaribu kuwa mwanaume.

Pili, pesa. Una mkataba wa maandishi? Kama unao, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Lazima cheti cha daktari. Posho ya safari hutaiona, jiandae, maana sisi tunaishi kwa posho na mshahara ni wa kuonyesha benki. Peleka cheti ofisini, upate nakala iliyogongwa muhuri. Usimpigie tajiri simu ukaishia hapo. Mimi tajiri wangu wa wakati ule alisema "pumzika mzee," niliporudi akasema niliacha kazi mwenyewe. Ile nakala yenye muhuri ndiyo iliyomnyamazisha.

Tatu, bima uliza mapema kama vyuma vimo. Kuna mahali operesheni inalipwa na bamba unaambiwa ujinunulie, na unaambiwa ukiwa umeshavaa gauni la thieta.

---

Semi_la_Kusini

Nimerudi, wakuu.

Gari amepewa kijana wa Songwe, anaendesha vizuri, nimempa na mto wangu. Nakala yenye muhuri ninayo, Babu. Mkataba ulikuwepo, uko kwenye bahasha ya cheti cha ndoa, mama watoto ndiye aliyejua.

Kliniki niliingia na karatasi, miguu juu. Daktari aliisoma, akaniambia vua viatu kabla hajaangalia picha. Nyundo ilipogusa goti, mguu uliruka karibu umpige. Akachezea kucha ya kidole cha kati, gumba likajikunja bila kuniomba ruhusa, mke wangu akaliona. Baada ya hapo hakuna aliyebishana chumbani. Akatuonyesha kwenye skrini: uti unashuka mweupe mzuri, ukifika pale kati ya sita na saba umebinywa, na ndani yake pana doa. Akasema doa hilo hawezi kuahidi litaondoka. Vidole anadhani vitachangamka. Ndala, tuone.

Nilimuuliza kwa nini mbele, amefanya ngapi za namna hii, na vyuma nani analipa. Alijibu yote bila kukunja uso. La pingili jirani alisema mwenyewe kabla sijauliza. Presha yangu ilikuwa juu, ananitaka niishushe kwanza, na sigara isirudi.

Nimekubali. Tarehe nimepewa. Mama watoto ndiye aliyesaini kama shahidi, kalamu ilimponyoka na yeye, nikamwambia sasa tuko wawili.

Mjomba bado anasema Lindi.

---

Mwalimu_Marangu

Mungu akutangulie baba. Beba mrija wa kunywea, na mwambie mama ajifunze mtori. Nyama isagwe kabisa, siyo kuchambuliwa.

---

Kijiwe_Manzese

Mkuu tukuombee. Ukitoka tunataka picha ya eksirei yenye skrubu, tuweke kijiweni.

---

Mpita_Njia_77

Samahani kuingilia uzi. Mimi ganzi ni kidole kidogo na nusu ya kile cha pete, hasa nikishika simu muda mrefu usiku kiwiko kimekunjwa. Na mimi nikapige MRI ya shingo?

---

Fizio_wa_Mkoa

Anza na kiwiko. Pana mshipa unapita nyuma yake, pale ukijigonga unasikia umeme, na ukikunja mkono muda mrefu unauminya. Usiku ufunge taulo kwenye kiwiko usiweze kukikunja, simu shika kwa mkono mwingine, uone wiki chache. Nguvu ya vidole ikipungua, au nyama kati ya gumba na shahada ikibonyea, ukapimwe haraka. Na ufungue uzi wako, huu wa Semi tuuachie operesheni.